Teze na Kiswahili Chetu

Mtoto akitetea teze yake pale Kasapa, tunavaa kitenge cha aina moja, tunapika bukari, tunapiga vigelegele. Lakini ndani ya chumba juri inasema Kifaransa, na mama mzazi anangojea makofi tu. Ninajiuliza: amepata nini?

Mwaka 1991, Mwamba Kapanga alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kwa kuchunguza Kiswahili cha Shaba, jina la Katanga wakati ule. Maneno yetu ya sokoni yalimpa kazi ya masomo makubwa!

Basi, mbele ya chakula, daktari mpya asimame dakika tano, aeleze kazi yake kwa Kiswahili chetu. Mama naye asikie alichokilipia.