Lenzi Tatu, Mke Mmoja

Mume wangu alikuwa na lenzi tatu na mke mmoja, na katika fungate yetu ya 2019 sikuwa na uhakika ameenda fungate na nani.

Usinicheke. Kama mwenzi wako ana ugonjwa wa kamera, utanielewa. Tulivuka kutoka Dar kwenda Unguja kwa boti, karibu saa mbili majini, mimi na kibegi changu cha nguo, yeye na begi la mgongoni alilokataa kabisa lichanganywe na mizigo ya watu. Ndani mlikuwa na lenzi ya milimita 23 ya mitaani, 35 ya kila siku na 56 ya sura za watu. Hizi ndizo wapiga picha wanaziita praimu: hazivuti wala hazirudishi, ukitaka kusogea unasogea kwa miguu yako. Picha zake ni tamu, sibishi. Ukitaka vya nyuma ya mtu viyeyuke kama samli, hapo ndipo penyewe.

Kasheshe ni kubadilisha. Mji Mkongwe una mamia ya milango ya kuchongwa. Mlango mzima ulitaka 23, misumari yake ya shaba ikataka 56, na mzee aliyekaa barazani pembeni akataka 35. Kila mara mume wangu anageuzia upepo mgongo, anachuchumaa, kifuniko mdomoni, mchanga usije ukaingia kwenye sensa. Mimi nashika begi. Tuliporudi nyumbani nilihesabu picha zaidi ya 600. Zangu nne, na katika moja nimeshika begi!

Niliyoitaka kuliko zote sikuipata. Jioni ya mwisho, pale bustani ya Forodhani, nilisimama nimelipa mgongo Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883. Nilivaa gauni la kijani nililoshonesha kwa ajili ya safari ile. Yeye ana 56 mkononi, jumba haliingii. "Subiri kidogo mke wangu, naweka ishirini na tatu." Alipoinuka, wingu lilikuwa limeshalimeza jua. "Kesho asubuhi," akasema. Kesho asubuhi tulikuwa tunakimbilia boti.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ya jumba lile iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Najua, mbele ya msiba wa watu, picha ya gauni si kitu. Lakini usiku ule mume wangu alikaa na kompyuta akifungua mafaili yote ya 2019, moja baada ya jingine, na mimi sikumwuliza anatafuta nini.

Tuliporudi Unguja mwaka 2022 nilitoa sharti moja: lenzi moja. Akanuna siku mbili, kisha akanunua zumu ndogo ya Fujifilm, milimita 18 hadi 55, ile iliyotoka 2012, ya mkono wa pili. (Ushauri wa bure kwa wewe unayeishi pwani: kabla hujalipia lenzi iliyotumika, imulike kwa tochi ya simu kutokea nyuma. Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui. Ukiziona, rudisha pesa mfukoni.) Ina gramu 310. Zile tatu kwa pamoja zilikuwa 892.

Jamani, kumbe mume wangu anatembea vizuri tu! Vichochoroni alikunja mlango mzima kwa 18, akazungusha mkono, akapata misumari, tukaendelea na maongezi yetu ya kodi ya nyumba. Jaws Corner tulikunywa kahawa chungu na kutazama wazee wakicheza dhumna. Hapo nikaona ubaya wa zumu: inamfanya mtu avizie. Na praimu yake ya 35 angelazimika kusogea, kusalimia, kuomba. Na zumu alianza kuvuta akiwa ng'ambo, mpaka mzee mmoja akainua macho na kusema, "Kijana, njoo ukae, picha haiibiwi." Akaona haya. Akaenda akakaa, akamwamkia, akafungiwa mezani michezo miwili, na picha aliyopiga baadaye mzee anacheka meno yote nje.

Jioni Forodhani ndipo zumu ilipojilipia. Unawajua wale vijana wanaojirusha baharini jua likizama? Mmoja anakimbia kutoka mbali, anapaa, anajikunja, anapotea majini. Yote hayo sekunde mbili tatu. Mume wangu alimvuta akiwa mbali, akarudisha alipokaribia, akamnasa hewani na upeo wote wa bahari nyuma yake. Mwaka 2019 angekuwa amechuchumaa.

Giza lilipoingia mambo yakageuka. Lenzi hii ikivutwa mwisho inafunguka hadi f/4 tu. Praimu ya 35 inafika f/1.4, yaani mwanga mara nane zaidi. Kitulizaji kilichomo ndani ya zumu kinazuia mtetemo wa mkono wa mpigaji, si wa anayepigwa, kwa hiyo meza ya muuza pizza ya Zanzibar ilitoka safi na mikono yake ikatoka ukungu mtupu. Mume wangu akakohoa. Akaingiza mkono mfuko wa suruali, akatoa soksi. Ndani ya soksi, lenzi ya 35.

"Nilikuambia moja," nikasema.

"Hii haihesabiki, ina gramu 187."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Aliniweka karibu na taa ya muuza juisi ya miwa akanipiga picha mbili, na mojawapo ndiyo iliyoko ukutani kwetu sebuleni.

Asubuhi kabla ya boti tulirudi palepale. Jumba lilikuwa limezungushiwa mabati ya ujenzi. Nilikuwa nimevaa lile gauni la kijani; linabana kidogo siku hizi. Akarudisha zumu hadi 18, akampa kamera kijana aliyekuwa anapita, akamwambia, "Bonyeza tu, kaka, hakuna cha kubadilisha," akaja mbio kusimama kando yangu.