Usilisugue gari, liwe na vumbi au theluji

Mpenzi msomaji, huenda ukashangaa kusoma habari za theluji katika gazeti lako la Jumapili, tena kutoka Dagahaley, mahali ambapo mchana mchanga huunguza nyayo. Lakini ni jamaa ngapi siku hizi zisizo na mtoto, ndugu au mpwa ughaibuni? Katika kambi za Dadaab, kaunti ya Garissa, mji wa Minneapolis hutajwa kama vile wewe na mimi tunavyotaja Nakuru au Mombasa.

Kambi ya Dagahaley ilifunguliwa mwaka wa 1992, baada ya vita kuwafukuza Wasomali wengi makwao. Iko kaskazini mwa mji mdogo wa Dadaab, ambao uko mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka mji wa Garissa. Kwa miaka mingi wakimbizi wengi wa kambi hizo walipelekwa kuanza maisha mapya Marekani, na jimbo la Minnesota ndilo lenye Wasomali wengi zaidi nchini humo. Huko, baridi ya mwezi wa Januari huweza kupita nyuzi 20 chini ya sifuri. Mtu aliyezaliwa akicheza mchangani huamka akakuta gari lake limefunikwa na theluji hadi madirishani.

Nilipokwenda Dagahaley kikazi, tulisafirishwa na dereva mzee ambaye vijana wote humwita adeer, yaani ami. Gari lake ni la zamani, lakini rangi yake bado yang'aa utadhani limetoka dukani juzi. Alasiri moja tulikuwa tukinywa chai ya maziwa kivulini simu yake ilipolia. Alikuwa mtoto wa nduguye, akipiga kutoka Minneapolis. Waliongea Kisomali, na baadaye adeer alinitafsiria huku akitikisa kichwa.

Kijana huyo alikuwa amenunua gari lake la kwanza kwa mkopo. Hufanya kazi katika bohari zamu ya alfajiri, saa ambayo basi ni shida kupata. Mshahara wake ndio unaomlisha mama yake na wadogo zake waliobaki kambini. Kuwachukua waende wakaishi naye ni jambo gumu, kwani Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kwa hivyo, msomaji wangu, gari hilo si la fahari. Likilala, kazi inalala, na mama huku anaanza kukopa unga na sukari dukani.

Siku hiyo kijana alikuwa amechelewa. Alimwaga maji ya moto juu ya kioo cha mbele ili barafu iyeyuke, na kioo kikapasuka kutoka pembe hadi pembe. Kisha akachukua sepetu ya chuma na kukwangua theluji juu ya boneti. Ikabaki mistari kama ya kucha za paka.

"Adeer, nifanye nini?" aliuliza.

Mzee, ambaye hajawahi kuiona theluji maishani mwake, alimjibu: "Kwani theluji si vumbi la huko kwenu? Uliniona mimi nikilisugua vumbi?"

Nilicheka, lakini nilipoyatafakari maneno hayo niliona yana elimu kubwa. Magari mengi ya kisasa yana tabaka la vanishi juu ya rangi, jembamba kama unywele. Hilo ndilo linalong'aa. Vumbi letu lina chembechembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko hata kioo. Ukichukua kitambaa kikavu na kufuta, hujasafisha gari, umelipiga msasa. Rudia hivyo kila asubuhi, na baada ya miezi michache rangi itafifia na kujaa mikwaruzo midogo ya duara ambayo jua huianika hadharani.

Je, adeer hufanyaje? Maji ya Dagahaley hutoka visimani, chini kabisa ardhini, na akina mama huyabeba kwa mitungi ya plastiki. Itakuwa aibu kumwaga ndoo tano kwa ajili ya gari. Kwa hivyo yeye hutumia birika la plastiki, kama lile la kutawadhia. Huanzia juu ya paa, akiyaacha maji yateremke polepole na kulibeba vumbi yenyewe. Vumbi likishaondoka ndipo hupitisha kitambaa laini kilicholowa, kwa mkono mwepesi, na kukisuuza kila mara. Siku ambayo maji ni haba, husafisha vioo na taa tu. Mwili wa gari huuacha na vumbi lake. "Vumbi likikaa halina ubaya," aliniambia. "Ubaya uko mkononi."

Theluji nayo ni vivyo hivyo. Yenyewe ni laini, lakini huficha mchanga na chumvi ya barabarani, na chombo cha kuikwangulia huwa kigumu zaidi. Kwa hivyo kama una wako huko ng'ambo, mwambie hivi.

Kwanza, asitumie sepetu wala ufagio mgumu juu ya rangi. Kuna vibao vya sponji laini vyenye mpini mrefu, vilivyotengenezwa kwa kazi hii. Aanzie paa, aisukume theluji badala ya kuisugua, na aache tabaka jembamba la mwisho liyeyuke lenyewe. Paa lisisahauliwe, kwani akifunga breki ghafla theluji yote huporomoka mbele ya kioo, au humrukia aliye nyuma yake barabarani.

Pili, kikwanguo cha plastiki ni cha vioo peke yake, wala kisiguse rangi. Maji ya moto ni mwiko, kwani kioo chenye baridi kali hupasuka kikipata joto la ghafla, na maji yenyewe hugeuka barafu tena. Badala yake, anaweza kunyunyizia kioo spiriti ya dawa, sehemu mbili kwa sehemu moja ya maji. Waipa zikiwa zimegandia kioo asiziwashe, maana mpira utachanika au mota itaungua. Usiku anaweza kukifunika kioo cha mbele kwa kadibodi, na asubuhi aiondoe na barafu yake.

Tatu, na hili ni la uhai, msomaji. Kabla ya kuwasha injini ili gari lipate joto, aondoe theluji yote kwenye bomba la moshi. Bomba likizibwa, moshi wenye sumu huingia ndani ya gari. Sumu hiyo haina harufu wala rangi. Ndiyo ile ile inayowaua watu wetu wanaolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Aidha, asiwashe gari ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi. Rangi iliyokwaruzwa hupakwa upya, lakini roho haina fundi.

Nne, chumvi inayomwagwa barabarani huko ili kuyeyusha barafu huila bati. Watu wa Mombasa na Lamu wanajua hewa ya bahari inavyolitafuna gari. Siku baridi ikipungua, alioshe vizuri, hasa chini na ndani ya magurudumu, kwa maji mengi kabla ya kitambaa kugusa rangi.

Utaona kwamba mambo haya hayahitaji pesa nyingi. Yanahitaji muda, labda robo saa au nusu saa kabla ya safari. Nao muda ndio uhaba mkubwa wa watoto wetu walio ughaibuni. Mwingine hufanya kazi mbili ili aturidhishe sisi tuliobaki nyumbani, na haraka hiyo ndiyo humfanya anyanyue birika la maji ya moto. Sisi tunaosubiri pesa mwisho wa mwezi tuna sehemu yetu katika haraka hiyo.

Basi, mpenzi msomaji, ukimpigia mwanao simu Jumapili hii, karo na kodi ya nyumba zitajwe baadaye. Anza kwa kumwuliza analala saa ngapi, na kama huwa anapata nafasi ya kuamka mapema kidogo.