Dola 300 kwa Mwezi: Barua kwa Mwipwa

Panda, Likasi

Mwipwa wangu,

Mjomba wako amepata ujumbe wako. Unauliza benki inaweza kukukopesha kiasi gani ununue ile nyumba ya Kikula. Hilo benki yenyewe itakujibu haraka, maana kukopesha ndiyo biashara yake. Lililo gumu zaidi ni kujua mfuko wako unaweza kulipa kiasi gani hata mwezi ukiwa mbaya.

Hesabu ianze na mshahara, bei ya nyumba ije baadaye. Tuseme fundi umeme wa Shituru anapokea dola 900 mkononi. Wakopeshaji wengi hupima kwa theluthi, kwa hiyo rejesho lake lisipite dola 300. Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka na muda wa miaka 10, rejesho hilo linamfikisha kwenye mkopo wa karibu dola 20,900. Riba ikipanda hadi 18, dola zile zile 300 zinampa 16,650 tu. Riba hizi ni za mfano. Ya kweli uidai kwa maandishi, pamoja na bima na gharama za faili.

Atatokea mtu wa kumshauri fundi huyo arefushe deni liwe la miaka 15, apate karibu 25,000. Ni maneno matamu. Kwa miaka hiyo mitano ya nyongeza atatoa dola 18,000, na alichoongezewa kwenye mkopo hakizidi 4,100.

Hiyo theluthi nayo isikulaze usingizi. Kule Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza makato yote ya mfanyakazi kupita theluthi mbili za mshahara, na wapo wanaoisoma kama ruhusa ya kukopa mpaka hapo. Mwenye dola 900 akibaki na 300 Likasi, ataishije? Kuna minervali, yaani karo, ya watoto wa sekondari (ya msingi kwenye shule za Serikali ilifutwa 2019), kuna umeme wa SNEL, kuna michango ya kilio, na kuna mufuko wa bunga, ambao bei yake huruka mahindi yakichelewa kutoka Zambia. Andika matumizi yako yote kwanza, bila kujidanganya. Kisha weka pembeni kiasi cha rejesho kila mwezi kana kwamba deni limeshaanza, mpaka Septemba ipite na watoto wawe wameingia darasani. Ukilazimika kuzigusa pesa hizo, punguza mkopo.

Sasa jambo linalomtia mjomba wako wasiwasi kuliko riba. Wewe unalipwa kwa feranga za Kongo, na mikopo ya nyumba hapa kwetu kwa kawaida huandikwa kwa dola. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu feranga 930. Mwishoni mwa 2017 ilifika karibu 1,600. Chukua mtu aliyekuwa na mshahara wa feranga 558,000. Mwanzoni zilikuwa dola 600, na rejesho la dola 200 lilikuwa theluthi barabara. Baada ya miaka miwili mshahara ule ule ulikuwa dola 349, rejesho likabaki 200, yaani zaidi ya nusu. Mtu huyo hakuongeza deni hata senti moja. Kwa hiyo mwombe mwajiri mkataba wa dola. Akikataa, piga hesabu yako kana kwamba feranga imeshapoteza thamani kiasi hicho.

Usiseme kampuni yako ni kubwa. Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa karibu tani 30,000. Mishahara ikacheleweshwa miezi na miezi, na mwaka 2003 zaidi ya watu 10,000 waliondoka katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipiwa na Benki ya Dunia. Kila mmoja wao aliwahi kuwa mtu ambaye benki yoyote ingemkaribisha kiti. Basi uwe na akiba ya marejesho ya miezi sita kabla ya kutia sahihi.

Kuhusu parseli yenyewe: muuzaji akikuonyesha fishi ya parseli na barua ya mkubwa wa kartie, usitoe hata malipo ya kwanza. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na haki ya mtu inathibitishwa na sertifika inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Rehani ya benki huandikwa humo humo; pasipo sertifika, mkopo wa nyumba hauendi mbele. Nenda ofisini mwenyewe ukaangalie jina lililoandikwa na kama kuna rehani ya zamani isiyofutwa.

Jumamosi njoo na karatasi zako za mshahara za mwaka mzima, ile ya bonasi uiache nyumbani. Shangazi yako anakusalimu. Anasema ulete na mumeo, maana deni hilo litakuwa lenu wote wawili.

Ni mimi, mjomba wako.