YouTube si Kocha

Kuna sifa moja Wakenya tunapenda kumpa mtu hadi inakera: "alijifunza mwenyewe." Julius Yego tulimpa hiyo mapema kabisa. Tukamwita Mr YouTube, na mpaka leo ukitaja jina lake kwa matatu, msee wa siti ya nyuma atakuuliza, "Si ni yule alijifunza kurusha mkuki kwa YouTube?"

Eeh, ni yule. Kijana wa Nandi, mahali ambapo kila mtu hudhani ukizaliwa lazima ukimbie, akaingia saiba kuwatazama Jan Železný na Andreas Thorkildsen wakirusha, kisha akatoka nje kujaribu. Hadithi tamu. Shida yangu ni kwamba huwa tunaikata pale inapotufurahisha, halafu tunaitumia kujidanganya kuhusu sisi ni nani katika michezo ya bara hili.

Kwanza namba. Najua mnachukia namba lakini hizi nivumilie.

Agosti 2019, Rabat, Moroko. Michezo ya Afrika, ile Olimpiki yetu wenyewe, fani 26. Kenya ilirudi na dhahabu 11, fedha 10 na shaba 10. Nafasi ya saba. Misri, walioshika namba moja, walibeba dhahabu 102. Sijakosea kuandika. Mia moja na mbili. Nigeria 46, Afrika Kusini 36, Algeria 33. Wenyeji Moroko walipata dhahabu 31, na sisi medali zetu zote, ukichanganya na za shaba, zilikuwa 31.

Na sisi ndio tunatembea duniani tukijiita taifa la michezo.

Sasa angalia ndani ya hizo 11. Kumi ni za riadha. Moja iliyobaki ni ya voliboli ya wanawake. Basi. Judo, uogeleaji, mieleka, kunyanyua vyuma, makasia, hapo kote dhahabu yetu ni sufuri. Wamisri hawakutuzidi mbio. Walienda tu kwenye milango ambayo sisi hatujawahi hata kubisha, wakakuta iko wazi.

Ukisema hivi mtu atakujibu, "Buda, Misri wana pesa, sisi tuna kipaji." Hii kauli ndiyo imetumaliza. Kwa sababu hata zile mbio tunazosema ni kipaji na hewa ya milimani, zina njia iliyochongwa na watu. Brother Colm O'Connell alitoka Ireland 1976 akaja St Patrick's Iten kufundisha jiografia. Hakuwa kocha. Alibaki, na shule ikawa kiwanda cha mabingwa wa dunia. Zunguka Iten leo: kuna kambi, kuna makocha, kuna mawakala, kuna mashindano ya shule. Na juu ya yote kuna polisi, magereza na jeshi, ambao wanamwajiri mkimbiaji ili ale wakati miguu bado inatafuta muda mzuri. Mtoto wa huko akigundua ana mbio, anajua kesho yake abishe mlango gani. Hicho ndicho tunakiita kipaji.

Voliboli ni hivyohivyo. Msichana anachezea Kwanthanze au Mukumu, anaonekana kwenye mashindano ya shule, anachukuliwa na Pipeline, KCB ama Magereza. Kuna ngazi, na kila ngazi ina chakula kiasi. Ndiyo maana Malkia Strikers wanaweza kupigwa na wainuke. Julai 2019, Cairo, Cameroon waliwapiga kwenye fainali ya ubingwa wa Afrika. Wiki chache baadaye, Rabat, walikutana na Cameroon haohao fainali wakachukua dhahabu. Januari 2020 wakaenda mpaka Yaoundé, nyumbani kwa hao Cameroon, wakarudi na tiketi ya Olimpiki ya Tokyo. Hizo si bahati tatu zinazofuatana. Ni watu waliocheza pamoja tangu wakiwa na sare za shule.

Kwa hivyo turudi kwa Yego, kile kipande tunachokata.

Mwaka 2011 alishinda dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Maputo. Baada ya hapo ndipo akapata nafasi ya kwenda kufanya mazoezi Kuortane, Finland, chini ya kocha Petteri Piironen. Finland, mahali ambapo kurusha mkuki ni kama vile sisi tunavyoona mbio za mita 3,000 kuruka maji na viunzi. Alipokuwa bingwa wa dunia Beijing 2015, kwa mita 92.72, rekodi ya Afrika, tayari alikuwa ameonja kuwa na mtu wa kusimama kando yake na kumwambia kiwiko kimeshuka. Hicho kitu YouTube haina. Video inakuonyesha Železný. Haikuoni wewe.

Mwaka uliofuata, safari ya Rio, bingwa wa dunia alifika uwanja wa ndege akakuta hana tiketi. Alienda hatimaye, akarusha 88.24 kwa jaribio la kwanza, akaumia, akarudi na fedha. Rabat 2019 dhahabu tena. Accra, Machi 2024, akiwa na miaka 35, dhahabu tena. Sasa jiulize. Maputo 2011 mpaka Accra 2024 ni miaka 13, na bado mrusha mkuki tunayemjua ni mmoja. Kama YouTube ingekuwa inatosha, tungekuwa na ishirini. Intaneti siku hizi iko kila mahali.

Hii kitu inanigusa kwa sababu nami napewa sifa hiyohiyo. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na kuediti video nikajifunza kwa YouTube. Watu wakijua hivyo wananipigia makofi. "Wewe ni noma, hukufunzwa na mtu!" Mimi hucheka tu, lakini acha niwaambie inavyokuwa. Unanunua bando za usiku kwa sababu ndizo za bei poa. Unatazama mafunzo ya mtu aliye na kompyuta mara kumi ya yako. Unarudia kosa moja miezi minne kwa sababu hakuna mtu wa kukugusa bega akuonyeshe kitufe kimoja tu. Siku niliyoketi na jamaa anayefanya kazi ya filamu, alinirekebishia rangi na sauti kwa saa mbili, na zile saa mbili zilinifaa kuliko mwaka mzima. Sikujifunza mwenyewe kwa kupenda. Nilijifunza mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mwingine chumbani.

Wale walioenda mbele yangu kwa michezo hawakuanza wakiwa peke yao hivi. Wazee wa Eastlands watakwambia kumbi za mtaa kama Pumwani na Muthurwa zilikuwa jiko la ndondi. Michezo ya Afrika ilipokuja Nairobi 1987, ndiyo Kasarani yenyewe ilijengewa, ile mliyojaza CHAN ya 2025 mkiimba mpaka sauti zikaisha. Harambee Stars walifika fainali mwaka huo wakafungwa na Misri moja bila. Misri tena, unaona. Lakini ulingoni mabondia wetu walitamba, na mwaka uliofuata, Seoul, Robert Wangila akashinda dhahabu ya Olimpiki ya ndondi. Mpaka leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki Kenya imewahi kupata nje ya riadha. Wangila alifariki 1994 baada ya pambano kule Las Vegas, na vijana wengi wa umri wangu hawajui hata jina.

Mtaani kwetu pia kuna ukumbi. Nilifanya taekwondo humo kuanzia darasa la saba mpaka fomu tatu, Jumanne na Jumamosi. Mwalimu alikuwa mlinzi wa usiku. Alikuja kutufundisha akitoka zamu, macho mekundu, na hakuwahi kutuitisha hata shilingi. Tulikuwa karibu ishirini. Kati yetu kulikuwa na jamaa mmoja ambaye mguu wake ulikuwa unafika usoni kwako kabla hujaona bega likigeuka. Sisi wengine tulikuwa tunafanya mazoezi, yeye alikuwa kwenye kitu kingine kabisa.

Halafu ukumbi ukaanza kukodishwa. Jumamosi ikawa ya harusi na mikutano. Tukahamia nje, kwenye kokoto, na taekwondo kwenye kokoto ukianguka unaanguka kweli. Watoto wakapungua. Yule jamaa akachaguliwa kwa mashindano fulani nje ya Nairobi, nauli ikawa ni ya kujitafutia, tukachanga, haikufika. Siku hizi ana boda. Huwa ananibeba wakati mwingine, na akisimama kwa taa bado anasimama kwa vidole vya miguu kama anangoja mtu aseme anza.

Sisemi angekuwa bingwa wa Afrika. Hakuna anayejua, na hilo ndilo linaniuma. Lakini Faith Ogallo, Mkenya, alishinda fedha ya taekwondo palepale Rabat 2019, kisha akafuzu Tokyo. Kwa hivyo msiniambie hiyo si michezo yetu. Ni yetu kabisa, ila tunaichezea kwenye kokoto.

Kabla ya Michezo ya Afrika ijayo tutasikia hotuba, bendera itapeanwa, na mtu mwenye suti atasema tunalenga kuboresha matokeo. Mimi nitauliza swali moja la kijinga: ni kumbi ngapi za mtaa zimefunguliwa kwa watoto siku ya Jumamosi, na kuna kocha anayelipwa ndani? Wewe uliye Kayole, Kongowea, Kondele, pita kwa wenu uangalie mlango. Uniandikie umekuta nini.

Wetu nilipita wiki jana. Wameupaka rangi mpya, nje kuna bango la bei: harusi, mahafali, mikutano ya chama. Mlinzi aliniambia Jumamosi zote zimejaa mpaka Desemba.