Kosa Huonekana Penye Mzigo



Tulipompelekea Mpako wa Wagonjwa muumini mahututi huko Tongoni, gari letu lilimisi kila tulipokanyaga mafuta. Likisimama, injini iliunguruma bila kasoro. Tulifika, lakini kwa mashaka. Kesho yake fundi alihamisha koili ya silinda moja hadi nyingine, na hitilafu ikahama nayo. Injini ikibeba mzigo, alitueleza, mgandamizo huongezeka, na koili dhaifu hushindwa kurusha cheche kwenye plagi. Koili moja tu ikabadilishwa.

Imani nayo huunguruma vizuri tukiwa tumetulia kanisani. Basi tunapotafiti dhamiri kabla ya Kitubio, tujiulize: mzigo ulipotuelemea nyumbani au kazini, cheche ilikosekana wapi? Tuanzie hapo.

Mungu awabariki.