USIMPE MTU JINA KABLA HUJAMTAZAMA



Ukipanda kutoka Nakuru kuelekea Molo asubuhi, simama kwenye malisho ambayo jembe halijafika. Utaona majani membamba, bapa, yamesimama kama vipanga vidogo. Utasema ni nyasi tu. Subiri jua litoke vizuri. Hapo ndipo ua la buluu hufunguka, dogo kama sarafu.

Wengi wakiona buluu hiyo husema, "Ah, ni mukengeria, ule wa sungura." Hapana. Mukengeria una shina laini linalotambaa, na petali zake mbili ndizo kubwa. Ua hili lina petali sita zinazofanana, na shina lake limesimama wima. Piga magoti uchungulie katikati, uhesabu vile vijiti vyenye chavua. Ni vitatu. Maua ya jamii ya yungiyungi huwa na sita. Hili ni la jamii ya irisi, na wataalamu huliita Aristea.

Ukichelewa hadi alasiri, limeshajifunga na kujisokota. Utaapa hapakuwa na ua mahali pale. Lakini chini ya udongo kuna shina linaloishi mwaka hadi mwaka.

Mbona nakuambia haya? Kuna kijana wa kanisa letu aliyetoka mitaani miaka mingi iliyopita. Leo ni fundi wa kuchomelea vyuma, analipa kodi ya nyumba na anamsomesha mdogo wake. Mwezi uliopita, ibada ikiendelea, alimsikia mshirika akimnong'oneza mwanawe: "Shika kibeti vizuri, yule ni chokoraa."

Hajarudi tangu siku hiyo. Nilipompigia simu aliniuliza, "Pasta, kwani nioge mara ngapi?"

Sikuwa na jibu la haraka.

Mpendwa, katika Mathayo 6 Yesu aliwaambia watu wayatazame maua ya kondeni. Kutazama ni kazi. Kunataka usogee karibu, uiname, uhesabu. Jina la haraka halina gharama kwako wewe unayelitoa, lakini mwenzako analibeba hadi nyumbani.

Kesho naenda kwa huyo kijana, si kuhubiri, ni kunywa chai naye. Na wewe, ni nani umempa jina ukiwa mbali? Mtafute wiki hii. Muulize anaitwa nani, anafanya kazi gani, na umsikilize hadi amalize.