Kuuliza Sio Ushamba

Manze, ndege ilichelewa kutoka Nairobi, nikatua Dubai nikiwa na dakika 50 tu kabla ya ile ya London. Tulishukia jengo B, geti yangu iko A, na kufika huko unapanda treni.

Nikajifanya mjanja: natembea mbio, siulizi mtu, nisionekane mshamba. Dakika 10 zikaishia kwa maduka nikizunguka tu.

Mwishowe nikamwendea dada mmoja mwenye beji. Akaona pasipoti yangu. "Kumbe wa nyumbani! Shuka hapo chini, treni ndio hiyo. Kimbia, kakangu!"

Niliingia wa mwisho, jasho mpaka soksi.

Wasee, muda ukiwa mfupi, uliza wa kwanza mwenye beji. Aibu inaisha kwa dakika moja. Tiketi ingine, nani atakununulia?